Ubani wa Elektroni

Nilikula, nikashiba, nikaomba niongezwe. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia uchafu wa wengine na mimi nimekaa pembeni nimeziba pua.

Ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa wageni wa kiwanda cha nyama kilichojengwa nje ya Kondoa baada ya ukame kumaliza mifugo. Bwana Evodi Rwechungura, mkurugenzi wa kiwanda, alinipakulia kwa mkono wake: ugali wa uwele, mlenda, na mchuzi mzito wenye minofu mikubwa mikubwa. Sikuwa nimeonja nyama ya ng'ombe kwa muda mrefu. Huko Dodoma ninakofanya kazi tunakula kunde na panzi wa kusaga, tunajidanganya kwamba ni kitoweo. Basi nikalivamia lile bakuli bila haya.

“Laini,” nikasema huku nikilamba vidole. “Hivi ng'ombe wamebaki wapi, Bwana Evodi? Mimi nilidhani wamekwisha.”

“Kula kwanza, Daktari Mwasiti. Mashine haina miguu, haitakimbia.”

Mashine aliyoitaja niliibuni mimi. Unachukua mwanga wa leza, unaubana mpaka pigo lake linadumu femtosekunde chache tu. Femtosekunde moja mbele ya sekunde ni sawa na sekunde moja mbele ya miaka zaidi ya milioni thelathini, kwa hiyo usijisumbue kuiwazia. Pigo hilo unalirusha ndani ya mvuke mwembamba wa heliamu. Mwanga unapopita unazisukuma elektroni pembeni, na nyuma yake linabaki wimbi, kama lile analoliacha bata anapokata maji ya bwawa. Elektroni zinazolidaka wimbi hilo zinabebwa, na katika umbali usiofika urefu wa ukucha zinakaribia kasi ya mwanga wenyewe. Kazi ambayo zamani ilidai handaki refu chini ya ardhi ikawa inafanyika kwenye chumba cha ukubwa wa jiko la shule.

Niliibuni kwa ajili ya saratani. Pigo fupi kiasi hicho linaua seli mbovu kabla seli nzima za jirani hazijapata nafasi ya kuumia. Kisha mradi wetu ukakosa fedha, haki za mashine zikauzwa, nikaambiwa walionunua ni watu wa chakula, wanataka kuua vijidudu kwenye nafaka. Nilifurahi kweli. Nilijiona nimelisha taifa. Walipopiga simu kwamba “pigo la pili” limelegea na mhandisi wao ameacha kazi bila kuaga, sikuuliza pigo la pili ni la nini, ingawa mashine niliyoibuni ilikuwa na pigo moja tu. Kondoa ni kwetu. Niliona ni nafasi ya kumsalimia Baba Mdogo.

Nilipomaliza bakuli la pili Bwana Evodi akanawa mikono, akatabasamu, akasema, “Sasa twende ukaone ulichokula.”

*

Harufu ilitupokea kabla ya geti la nyuma kufunguka.

Malori yasiyo na dereva yalikuwa yamepanga foleni uani, moja baada ya jingine yakiinua matumbo na kumwaga mizigo yao kwenye sakafu ya zege. Walikuwa ng'ombe. Walikuwa wamekufa kwa kiu huko nyikani, wengine jana, wengine sijui lini. Matumbo yalikuwa yamevimba mpaka miguu imesimama juu. Mmoja alipasuka alipogonga sakafu, na kilichotoka tumboni kilikuwa kinatembea. Funza walikuwa wengi kiasi kwamba ngozi yake ilikuwa inacheza kama hai. Wafanyakazi waliovaa buti ndefu wakampulizia maji, wakamchuna, wakamkata, wakatupa minofu ya kijani kwenye mapipa ya maji ya chumvi, na walifanya hayo yote huku wakizungumzia mpira.

Hapo nikaisikia sauti.

Ilitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya mkanda unaobeba minofu. “Bismillahi, Allahu Akbar.” Kila mnyama alipopita, “Bismillahi, Allahu Akbar.” Sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sauti iliyoniamsha utotoni kila siku ya Idi. Ilikuwa sauti ya Baba Mdogo wangu, Mzee Swalehe, mchinjaji wa mji huu tangu sijazaliwa.

“Huyo ni…”

“Mzee Swalehe, ndiyo,” Bwana Evodi akasema kwa fahari. “Watu wa hapa hawagusi nyama asiyochinja yeye au vijana aliowafundisha. Tulimrekodi. Tukamwambia ni kwa ajili ya mafunzo. Hivyo mtu akiuliza kama jina la Mungu limetajwa, hatusemi uongo.”

Walikuwa wanamsomea kibudu. Mnyama aliyejifia, ambaye kisu hakikumgusa wala damu haikumtoka, anasomewa na spika. Nikainama kando ya lori nikatapika ugali, mlenda na minofu ya mabakuli yote mawili. Kilichonichukiza kuliko funza ni kwamba hata nilipokuwa natapika, ulimi wangu ulikuwa bado unakumbuka utamu.

Bwana Evodi alinisubiri kwa adabu, akanipa kitambaa.

“Mhandisi wetu naye alitapika,” akasema. “Ila yeye hakurudi.”

*

Chumba cha mashine kilikuwa baridi na safi, na nikachukia usafi wake. Bwana Evodi alinieleza pigo la pili huku akipapasa bomba la chuma kama anabembeleza farasi.

Pigo la kwanza lilikuwa lile langu, na kazi yake ilikuwa kuua. Vijidudu vyote, mayai ya funza, kila kitu. Sumu zilizoachwa na vijidudu zilioshwa kwenye mapipa. Mionzi ya zamani ingeweza kuua vilevile, ila ingeiacha nyama inanuka nywele zilizoungua. Pigo fupi halitoi nafasi kwa nyama kuharibika. Ikabaki shida moja. Nyama ilitoka salama kabisa, lakini inanuka mzoga. Ndipo walipoigawa leza yangu mara mbili kwa kioo, wakapata mkondo mwingine wa elektroni, wakaupima mpaka ukawa unavunja molekuli za uvundo na kuiacha minofu kama ilivyo. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Wahenga hawakuwa na leza.

“Majibu ya maabara haya hapa,” akasema, akanionyesha kwenye ukuta wa kioo. “Vijidudu sifuri. Sumu sifuri. Hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo. Watoto wa kijiji cha Kolo waliokuwa wanalishwa kwa mipira puani, leo wanacheza mdako. Mimi ninakula. Mke wangu anakula. Niambie nimemdhuru nani.”

“Waambie, basi.”

“Niwaambie nini?”

“Kwamba ni kibudu.”

Akacheka, si kwa dharau, kwa uchovu. “Nikiwaambia, nusu yao watakufa wakiwa na imani yao safi. Daktari, wewe ni Mwislamu, mimi ni Mkristo wa Bukoba, lakini hata mimi najua kwamba aliyebanwa na njaa anaruhusiwa kibudu. Dharura. Si ndivyo mnavyosema?”

“Ndivyo tunavyosema. Ila dharura ni ya mwenye njaa kuiamua. Anajua anachokula, anaomba msamaha, anakula kidogo cha kumvusha. Si ya mwenye kiwanda kumwamulia kimyakimya na kumwekea spika.”

“Mwenye njaa hana miiko.”

“Mbona basi unamficha, kama hana miiko?”

Alitazama saa yake, akasema kesho Ijumaa mji mzima unakuja getini kuchukua mgao baada ya sala, na ghala liko tupu, minofu ya mwisho isiyonuka ndiyo niliyokula mchana, kwa sababu nyama ya juma zima imetoka inanuka ikabidi ichomwe moto. Nikiunyoosha mkondo wa pili jioni hii, watu watakula. Nisipounyoosha, hawatakula. “Funika kombe mwanaharamu apite,” akasema. “Hiyo ndiyo hesabu yote. Nakuachia.”

Akaniacha kweli. Nadhani alikuwa na hakika nami.

Nilifungua chumba cha utupu, lile sanduku la chuma ambamo leza husafiri bila kukutana na hewa. Tatizo nililiona papo hapo. Mpira wa mlango ulikuwa umechakaa, na kwa kuwa walikuwa wameisogeza mashine karibu na mkanda wa nyama ili kuokoa nafasi, mvuke wa mafuta ulikuwa unapenya. Umeganda juu ya kioo cha mkondo wa pili. Kioo cha dhahabu, chenye mkunjo wa kipekee, kimesagwa ng'ambo kwa miezi mingi na hakina mwenzake nchini. Nikapitisha kidole. Kikatoka na utando wa manjano, mzito, na unanuka ng'ombe yule aliyepasuka. Mafuta ya mzoga yalikuwa yamekaa kwenye kazi ya akili yangu, yameshikana nayo.

Nilifuta mikono kwenye suruali, tena na tena, na haikusaidia.

Nilijua la kufanya kama fundi: kusafisha kioo, kubadilisha mpira, kunyoosha mkondo. Nilikuwa na dawa mkobani na mpira mpya mezani. Nilijua pia kwamba nikifanya hivyo, hapatabaki pua duniani inayoweza kutofautisha ng'ombe aliyechinjwa na mzoga. Leo ni Kondoa, kwa sababu ya njaa. Kesho ni mji wenye shibe, kwa sababu ya faida. Nani atauliza? Nao wangeuliza kwa kutumia nini, ikiwa harufu ndiyo shahidi pekee aliyekuwa amebaki na mimi ndiye niliyemkata ulimi?

Nikibadilisha mpira tu na kukaa kimya, watamleta fundi mwingine asafishe kioo. Nikaamua kwa hasira, na sitajifanya niliamua kwa hekima. Nilisafisha kioo cha kwanza mpaka kikang'aa, maana sikutaka mtu afe kwa vijidudu. Cha pili nikakiacha na mafuta yake. Nikafunga mlango, nikaitoa hewa yote iliyokuwa ndani, nikaiwasha leza kwa nguvu zake zote.

Kioo kichafu hakivumilii mwanga mkali. Penye uchafu mwanga haurudi, unazama, na joto linakaa palepale. Nilisikia mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka kikaangoni. Nilipofungua, dhahabu ilikuwa na shimo jeusi katikati na nyufa zimetawanyika pande zote. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka mwilini, kama mtu aliyekohoa akatoa kilichomkaba.

*

Nilimkuta Baba Mdogo kibarazani kwake, anapepeta uwele huku jua linaanza kupoa.

“Shikamoo Baba Mdogo.”

“Marahaba, mwanangu! Mwasiti! Umekonda, Dodoma hawakulishi?” Akainuka kwa shida, akanishika mabega. “Kaa. Kuna kipande cha nyama nimekiweka, kile cha mgao wa juma lililopita. Siku hizi meno yamebaki ya kuhesabia, lakini nyama ya pale ni laini, hata kibogoyo anaila.”

Nikamwambia asilete. Nikamwambia kwa nini. Nilitaka kuanza na maneno ya kumtayarisha, nikashindwa, yakatoka yote: malori, funza, mapipa, spika. Alinisikiliza huku mkono umebaki ndani ya uwele. Nilipofika kwenye sauti yake, akaufunga mkono ule.

“Mimi?” akasema. “Kwa sauti yangu?”

“Kila mnyama anapopita.”

“Waliniambia ni ya kufundishia vijana.” Akanitazama usoni. “Watu walikuwa wananipongeza msikitini, Mwasiti. Wananiambia Mzee, mkono wako una baraka, nyama yako haina hata harufu ya damu. Na mimi nacheka. Nadhani ni vijana wangu wanachinja huko ndani, nadhani wameshika mafunzo.”

Akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akitia kidole kooni. Mzee wa umri ule, mwenye heshima ile, anajitapisha nyama ya juma lililopita ambayo tumbo lilishaimaliza zamani. Hakikutoka kitu. Aliendelea kujaribu, nami nikakaa na ungo wake mapajani, nikimchukia Evodi, nikiichukia leza, nikijichukia mimi niliyeiuza akili yangu nikasema ahsante.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

“Kesho wataigawa?”

“Itakuwa salama, Baba Mdogo. Haitaumiza mtu. Ila itanuka. Harufu hawawezi kuiondoa tena, nimehakikisha.”

“Umefanya vizuri,” akasema. “Kitu kinachonuka kinuke. Mengine nitasema mwenyewe, kwa mdomo, bila spika.”

*

Ijumaa walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Walikuja na mabeseni, na ndoo, na sufuria zilizofunikwa kwa vitambaa, na walipofika getini wote walifanya jambo moja: walisimama, wakanusa, wakatazamana.

Bwana Evodi alikuwa amekiona kioo. Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu kando ya mapipa ya minofu, uso umemshuka. “Fungueni,” akawaambia walinzi. Kisha kwangu: “Ulitaka waamue. Haya, simama nao waamue. Na upakue wewe.” Akanitupia upawa.

Baba Mdogo alipanda kwenye ngazi ya lori. Alivaa kanzu yake nyeupe. Hakuhitaji kuwaomba watu wanyamaze.

“Ndugu zangu,” akasema. “Hii nyama sikuichinja. Wala ile mliyokula kabla yake sikuichinja, wala vijana wangu hawakuichinja. Ni kibudu. Sauti inayoisomea humo ndani kwa spika ni yangu, ila mimi sikuwepo. Nimekula pamoja nanyi, na naomba msamaha kwa Mungu na kwenu. Mwanangu Mwasiti ni msomi, anasema imesafishwa, haina madhara ya mwili. Aliyebanwa na njaa, Mwenyezi Mungu ni mwingi wa kusamehe. Achukue bila kutamani, ale kidogo cha kumfikisha kesho. Asiyebanwa, aondoke. Kila mtu anajua tumbo lake.”

Ilifuata minong'ono, halafu vilio, halafu matusi. Wanaume wawili walitaka kumvaa Evodi, wakazuiwa. Mzee mmoja alitema mate mbele ya miguu yangu, nikaona ni haki yake. Baadhi waligeuka wakaondoka na mabeseni matupu vichwani, wamenyooka, na niliwatazama nikiwa na moyo mkubwa. Nikajiambia, hawa hapa. Hawa ndio Evodi aliosema hawapo.

Lakini waliobaki walikuwa wengi zaidi.

Walijipanga wenyewe, bila kusukumana. Wa kwanza alikuwa Mama Salha, jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa mdogo. Alikuwa na wajukuu watatu, mmoja mgongoni, shingo yake nyembamba kama bua. Nilifunua pipa. Uvundo ulipanda ukatupiga wote, ule wa uani, mzimamzima, na mjukuu wake mmoja aliyesimama karibu akatapika maji matupu, kwa kuwa hakuwa na kingine tumboni.

Mama Salha alimfuta mdomo kwa kanga, akamshika kichwa mpaka alipotulia. Kisha akaninong'oneza, kama mtu anayeomba kitu kidogo asichotaka wengine wasikie.

“Mwanangu, ukweli tumeusikia, na Mungu ametuona hali zetu. Mimi nimeshaamua. Lakini hawa watoto hawataweza kuimeza na harufu hii. Juma lililopita ilikuwa hainuki.” Akatazama ndani ya kiwanda, kulikokuwa na mashine. “Si wanasema ile mashine ni yako? Haiwezi kuiondoa hii harufu kidogo tu, sasa kwa kuwa tunajua?”

Nilimtazama Evodi. Alikuwa ananitazama, na hakuwa anacheka.

“Ilikuwa inaweza,” nikamjibu.

Mama Salha alisubiri, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Yalipokosekana, akaizungusha kanga puani, akafunga fundo nyuma ya kichwa, akainama akamziba na mtoto pua kwa pindo lake. Akaninyooshea beseni.

“Basi pakua,” akasema.